Tumbo Linamsumbua: Tafsida na Saratani ya Utumbo Mpana kwa Vijana

Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya hukutana na tafsida mapema. Kabla ya kumaliza shule ya msingi amekwisha kuonywa kwamba mja mzito ni bora kuliko mwenye mimba, kwamba kujifungua ni bora kuliko kuzaa, na kwamba mtu mwenye adabu hanyi bali huenda haja kubwa. Katika mtihani hutuzwa alama kwa kuyavika maneno nguo. Afikapo chuo kikuu huyasoma mambo yayo hayo kwa istilahi za isimujamii: miiko ya lugha, staha, heshima ya msemaji na ya msikizaji. Ni nadra sana kuulizwa swali lenye ukatili kidogo: je, tafsida inaweza kumwua mtu?

Makala haya yanashikilia kwamba inaweza, na kwamba upo ugonjwa mmoja ambao kwao ushahidi wa jambo hili ni bayana kuliko mwingine wowote. Ugonjwa huo ni saratani ya utumbo mpana na puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo kabla ya njia ya haja kubwa. Neno puru lenyewe limo kamusini, lakini ni wangapi miongoni mwa wasomi wa Kiswahili wamewahi kulitamka kwa sauti? Kimya hicho kingekuwa jambo dogo la kuchekesha iwapo ugonjwa huu ungekuwa wa wazee pekee, kama ilivyodhaniwa kwa muda mrefu. Siku hizi unawaandama vijana, na kijana ndiye mwenye haya kuliko wote.

Chukulia mfano wa kijana wa miaka 27, mwanafunzi wa shahada ya pili. Kwa majuma sita ameona damu kila aendapo haja kubwa. Amekonda kidogo, naye amejieleza kwamba ni tasnifu ndiyo inayomkondesha. Hatimaye anafika kwenye zahanati. Anayemhudumia ni mama wa makamo, wa rika la mamake mzazi, na mlango wa chumba umeachwa wazi.

"Tumbo linanisumbua, daktari."

"Tangu lini, mwanangu?"

"Siku kadhaa."

"Unaendesha?"

"Kidogo tu."

Anaondoka na dawa ya minyoo na ya amiba. Hakuna aliyedanganya hapo. Kila neno lililotamkwa lilikuwa la kweli, na kila neno lilikuwa na adabu. Lakini majuma sita yamekuwa siku kadhaa, damu imefichwa ndani ya tumbo, na mganga ameandikiwa upya ugonjwa wa kutibu.

Inafaa kulitazama neno hilo, tumbo, kwa jicho la mwanaisimu. Katika Kiswahili cha kila siku tumbo ni eneo lote lililo baina ya kifua na nyonga. Ndani yake mna tumbo la chakula, utumbo mwembamba, utumbo mpana, ini, figo na kizazi. Mwanamke mwenye maumivu ya hedhi huumwa na tumbo. Mlevi mwenye vidonda huumwa na tumbo. Mtoto mwenye minyoo huumwa na tumbo. Hata mwenye mimba huwa na tumbo. Ni neno mwavuli ambalo chini yake mtu yeyote aweza kujikinga na mvua ya maswali. Taarifa za habari nazo huongeza utata: si ajabu kusikia saratani ya utumbo ikitangazwa kuwa saratani ya tumbo, ilhali hizo ni saratani mbili za viungo viwili, zenye dalili na tiba tofauti.

Neno choo nalo lina mashaka yake. Choo ni mahali, na choo ni kile kinachoachwa mahali hapo. Mtu akisema kwamba ameona damu chooni, je, ameiona sakafuni, ndani ya kinyesi, juu ya kinyesi, au kwenye karatasi aliyojipangusia? Kwa mshairi huo ni utata wenye ladha. Kwa tabibu, majibu ya maswali hayo manne yanaelekeza njia tofauti. Damu nyekundu inayodondoka baada ya haja mara nyingi hutoka karibu na mlango. Damu iliyochanganyika na kinyesi, au kinyesi cheusi kama lami, huenda imetoka juu zaidi. Muktadha ungeweza kuondoa utata huo, lakini muktadha wenyewe ndio unaoonewa haya.

Halafu kuna bawasiri. Neno hili ni la kale, limetoka katika Kiarabu, na lina heshima yake kwa kuwa wanaolielewa ni wachache kuliko wanaolisikia. Vijana wengi wanaotokwa na damu njia ya nyuma wana bawasiri kwa kweli, au wana mchubuko tu uliotokana na choo kigumu. Jambo hili ni lazima lisemwe waziwazi ili msomaji asije akalala macho usiku wa leo. Hata hivyo, hapo ndipo hatari ilipojificha. Kwa kuwa dhana ya bawasiri huwa sahihi mara nyingi, hutumiwa hata pale ambapo si sahihi, na hutumiwa bila kuchunguzwa. Kijana hujipa jina hilo mwenyewe, hununua dawa ya kupaka, na damu ikikoma kwa juma moja huhesabu kwamba amepona. Uvimbe wa saratani nao hutoa damu kwa vipindi. Leo hutoka, kesho hukatika.

Je, kweli ugonjwa huu unawafikia vijana? Takwimu zilizo wazi kuliko zote ni za Marekani, na ni vyema zichukuliwe kama za Marekani. Watafiti wa Chama cha Saratani cha Marekani walionyesha mwaka wa 2017 kwamba mtu aliyezaliwa huko karibu mwaka wa 1990 ana hatari maradufu ya kupata saratani ya utumbo mpana, na mara nne ya kupata ile ya puru, akilinganishwa na aliyezaliwa karibu mwaka wa 1950 alipokuwa na umri huo huo. Mwaka wa 1995 wagonjwa walio chini ya miaka 55 walikuwa asilimia 11 ya wagonjwa wote wa saratani hii. Kufikia 2019 walikuwa asilimia 20. Ripoti ya chama hicho ya mwaka wa 2024 ilieleza kwamba ugonjwa huu umekuwa wa kwanza kwa kuua miongoni mwa saratani zinazowaua wanaume wa Marekani walio chini ya miaka 50, na wa pili kwa wanawake wa umri huo. Ndiyo maana jopo la taifa hilo linaloshauri juu ya uchunguzi wa kinga liliuteremsha umri wa kuanza kupimwa kutoka miaka 50 hadi 45 mnamo Mei 2021. Hata hivyo, kijana wa miaka 27 bado yuko mbali na umri huo, huko kama huku. Hapati mwaliko wa kupimwa. Anachobakia nacho ni dalili zake na ulimi wake.

Afrika Mashariki ina historia yake ya pekee katika suala hili, nayo haijulikani inavyostahili. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 hadi 1966. Wengi wanamjua kwa saratani ya watoto iliyopewa jina lake. Wachache wanakumbuka kwamba baadaye aliandika, hususan katika makala yake ya mwaka wa 1971, kuhusu uchache wa saratani ya utumbo mpana miongoni mwa Waafrika wa mashambani. Alidai kwamba chakula chao chenye makapi mengi kilizalisha kinyesi kingi, laini, chenye kupita upesi, na kwamba Mzungu aliyekula mkate mweupe alifungwa choo na kulipa gharama. Burkitt hakuwa na haya. Alijulikana kwa kuwaonyesha wasikilizaji wake picha za vinyesi katika mihadhara, mbele ya madaktari waliovaa tai.

Alichokiona Burkitt kilikuwa kweli kwa wakati wake. Lakini uchunguzi wa kizazi kimoja uligeuka kuwa imani ya vizazi vilivyofuata: kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu na wa wazee. Imani hiyo ilidumu huku chakula kikibadilika. Ugali wa wimbi na mtama ulikaribia kusahaulika mijini, unga uliokobolewa ukashika nafasi yake, na langoni mwa karibu kila chuo kikuu nchini Kenya kuna mkokoteni wa smoki na soseji. Shirika la Afya Duniani, kupitia idara yake ya utafiti wa saratani, liliziorodhesha nyama za kusindikwa mwaka wa 2015 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu miongoni mwa vinavyoelekea kuisababisha. (Wapenzi wa nyama choma wasiitupe makala hii bado.) Unene, pombe, sigara na maisha ya kukaa kitako huongeza hatari. Zipo pia koo ambazo ugonjwa huu hurithiwa, na mtu ambaye mzazi au ndugu yake aliugua mapema anapaswa kupimwa mapema zaidi. Mwaka wa 2025 watafiti walichapisha ushahidi unaoihusisha sumu ya aina fulani ya bakteria wa utumboni, pengine inayomwingia mtu tangu utotoni, na saratani za vijana. Hata hivyo, wamo wagonjwa wengi vijana ambao hawakunenepa, hawakuvuta sigara na hawakuwa na jamaa aliyeugua. Mtu asitafute kosa la kumtwika mgonjwa.

Hospitali za Afrika zimekuwa zikiona kwa miaka mingi kwamba wagonjwa wake wa saratani hii ni vijana kuliko wale wa Ulaya. Sehemu ya sababu ni hesabu tu: sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba watu 3 kati ya kila 4 nchini Kenya walikuwa chini ya umri wa miaka 35, kwa hivyo hata ugonjwa ambao ni adimu kwa vijana utawapata vijana wa kutosha. Anayezikwa hazikwi kwa asilimia.

Kenya ilipata kuusikia ugonjwa huu ukitajwa kwa jina, na aliyeutaja alikuwa mtu wa miaka 41. Ken Okoth, mbunge wa Kibra tangu 2013, mzaliwa wa Kibera aliyesomea Shule ya Starehe na kisha kuwa mwalimu, alitokea katika mahojiano ya televisheni mwezi wa Februari 2019 na kusema kwamba alikuwa na saratani ya utumbo mpana na puru, na kwamba ilikuwa katika hatua ya nne. Hakusema kwamba alikuwa na ugonjwa wa muda mrefu, kama zisemavyo taarifa za vifo. Alitibiwa Paris, akarudi nyumbani Julai, na akafariki tarehe 26 mwezi huo huo. Siku tatu baadaye akafariki Joyce Laboso, gavana wa Bomet, naye pia kwa saratani. Julai ile taifa zima lilizungumza juu ya saratani. Wanasiasa walitaka itangazwe kuwa janga la kitaifa. Lakini ukiyasikiliza mazungumzo yenyewe, neno lilikuwa saratani tu, bila kiungo. Kile ambacho Okoth alikuwa amekifunua kilifunikwa tena kwa blanketi la jina la jumla.

Ni vyema kumlinganisha na mtu mwingine aliyekaribiana naye kwa umri. Mwigizaji wa Marekani Chadwick Boseman aligunduliwa mwaka wa 2016 kuwa na saratani ya utumbo mpana katika hatua ya tatu. Aliificha. Kati ya upasuaji na tibakemikali aliigiza filamu kadhaa, ikiwamo Black Panther iliyotoka mwaka wa 2018 na kumfanya mfalme machoni pa watoto weusi duniani kote. Mapema mwaka wa 2020 picha zake zilimwonyesha amekonda, na wapo waliomfanyia mzaha. Tarehe 28 Agosti mwaka huo akafariki, naye ana miaka 43, na wengi waliompenda wakaujua ugonjwa na kifo kwa siku moja. Haki yake ya kunyamaza haina mjadala. Mgonjwa hana deni kwa watazamaji. Hata hivyo, ni jambo la kufikirika kwamba mwili uliovaa vazi la chuma mbele ya macho ya mamilioni haukuweza kusomwa na hata mmoja wao. Ugonjwa huu hauonekani kwa macho. Husemwa, au haujulikani.

Dalili zake zinasemeka. Watafiti wa Marekani waliochunguza kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa waliougua kabla ya miaka 50 walieleza mwaka wa 2023 kwamba dalili nne zilijitokeza baina ya miezi mitatu na miaka miwili kabla ya ugonjwa kutambuliwa: maumivu ya tumbo, damu itokayo njia ya haja kubwa, kuhara kusikoisha, na upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini ya chuma. Miaka miwili! Uvimbe ukigunduliwa ungali ndani ya ukuta wa utumbo, takriban watu 9 kati ya 10 huko Marekani huwa hai miaka mitano baadaye. Ukigunduliwa umekwisha kufika kwenye ini au mapafu, wanaosalia ni chini ya 2 kati ya 10.

Kila mojawapo ya dalili hizo nne ina tafsida yake au kisingizio chake. Maumivu huitwa vidonda vya tumbo, ugonjwa ambao katika vyuo vikuu umekuwa kama shahada ya ziada. Kuhara huitwa amiba au taifodi. Damu huitwa bawasiri. Upungufu wa damu kwa kijana wa kiume huitwa uchovu wa masomo. Kwa mwanamke huitwa hedhi, na akiwa amejifungua karibuni hata damu ya njia ya nyuma huhesabiwa kuwa mabaki ya uzazi. Mwanamke kijana kwa hiyo hufichwa mara mbili, na wakati mwingine wanaomficha ni wahudumu wenyewe.

Maana si mgonjwa peke yake aliye na haya. Uvimbe wa puru mara nyingi unaweza kufikiwa kwa kidole cha daktari kilichovaa glavu. Uchunguzi huo ni wa dakika moja, hauhitaji umeme wala mtambo. Wapo matabibu wanaouruka kwa sababu hawajui wauombe vipi kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza wana maneno ya kitaalamu yanayowakinga. Kwa Kiswahili wanabakia na kutia kidole, kauli ambayo mitaani imekwisha kunajisiwa kwa mizaha juu ya upimaji wa tezi kibofu. Basi huandika dawa. Hapa ndipo taaluma ya Kiswahili inapoanza kuwa na lawama yake.

Watetezi wa staha watasema kwamba adabu ndiyo roho ya Kiswahili, na kwamba anayetaka kinyesi kitajwe mbele ya wakwe anataka kuvunja nyumba. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kupuuzwa kwa haraka kama wafanyavyo wale wanaodhani kwamba kusema matusi ni ukombozi. Lakini imejengwa juu ya kumbukumbu pungufu. Ustaarabu wa Waswahili wenyewe haukuwahi kuuacha mwili bila majina. Katika madrasa, mtoto wa miaka saba hufundishwa kwa utulivu mkubwa kwamba chochote kitokacho katika njia mbili hutengua udhu. Hufundishwa tupu ya mbele na tupu ya nyuma, najisi na namna ya kujisafisha, na mwalimu hakonyezi jicho wala wanafunzi hawacheki, au wakicheka hukumbana na bakora. Somo na kungwi nao walikuwa na mahali pao na saa yao ya kuyataja yale yasiyotajika. Wazee waliosema kwamba mficha uchi hazai hawakuwa wahuni. Walijua kwamba kuna chumba ambamo nguo huvuliwa, na kwamba haya ikiingia chumba hicho inakuwa upumbavu. Kilichopotea ni kukijua chumba hicho kiko wapi, na kwa sasa kiko zahanati.

Tazama pia kwamba tafsida yenyewe haina kosa. Kusema "ninapokwenda haja kubwa natoka damu, sasa ni mwezi wa pili" ni kusema kwa adabu kamili. Hakuna neno la aibu katika sentensi hiyo. Haja kubwa imebakia haja kubwa. Kilichoongezwa ni damu na muda. Kwa hivyo ipo tafsida inayofunika uchi na ipo inayofunika ugonjwa, na kuzitenganisha hizo mbili ni kazi ya kitaaluma inayostahili tasnifu kadhaa.

Kiswahili kimewahi kuifanya kazi ya namna hii. UKIMWI ulipoingia ulikuwa mdudu, ulikuwa kukanyaga waya, ulikuwa kila kitu isipokuwa jina lake. Ikaundwa akronimu ambayo mpaka leo hata mtoto anaielewa. Nyimbo, michezo ya jukwaani na riwaya zikafuata, miongoni mwazo Ua la Faraja ya William Mkufya iliyotoka mwaka wa 2004, na kondomu ikatajwa katika mabaraza ya machifu mbele ya wazee wenye fimbo. Ikiwa lugha iliweza kuyavuka maji yale, ambako haya ilikuwa ya zinaa, itashindwaje na haya ya choo?

Kwa upande wa utumbo, hata hivyo, wataalamu wa istilahi wamejishughulisha zaidi na vifaa kuliko watu. Pamekuwa na ubishi wa kupendeza juu ya kolonoskopi: je, itoholewe au iundiwe neno asilia? Ni mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa njia ya nyuma ili daktari auone utumbo mpana na kukata vinyama kabla havijageuka kuwa saratani. Mgonjwa hahitaji neno moja la kukiita kifaa hicho. Anahitaji sentensi tatu za kumwambia kwamba atakunywa dawa ya kuharisha siku iliyotangulia, kwamba atapewa usingizi, na kwamba hatavuliwa utu wake. Vivyo hivyo kwa mfuko wa kinyesi ambao baadhi ya waliopasuliwa huvaa tumboni, kwa miezi au kwa maisha. Kijana wa miaka 30 aliyeambiwa kwa Kiingereza kwamba atawekewa kolostomi amekubali jambo asilolijua. Wako wanaoukimbia upasuaji baada ya kulijua, wakaenda kwa waganga wa kienyeji, na kurudi uvimbe umekwisha kusambaa. Mfuko huo una mamia ya maswali ya kawaida ndani yake: utanuka? utaonekana chini ya shati? mke atasema nini? Ni nani amewahi kuyajibu kwa Kiswahili sanifu, kwa chapa, bila kucheka?

Idara za Kiswahili nchini zina kozi za tafsiri, na kila mwaka wanafunzi hutafsiri vifungu ambavyo husahihishwa na kutupwa. Machi ni mwezi wa uhamasishaji kuhusu saratani hii katika nchi nyingi, kama ulivyo Oktoba kwa saratani ya matiti. Chama cha wanafunzi kikiamua kuandika ukurasa mmoja tu kwa ajili ya Machi, kwa kushirikiana na wenzao wa udaktari, hakitahitaji fedha ila za karatasi. Ukurasa huo uitaje damu, na utaje kwamba majuma matatu ni mengi. Ueleze kwamba aghalabu ni bawasiri, na kwamba aghalabu si daima. Utaje kuhara au kufunga choo kunakobadilika na kuwa tabia, kukonda bila sababu, na kuchoka kusikoisha. Umpe msomaji ile sentensi ya kusema mlangoni, neno kwa neno, ili asilazimike kuitunga akiwa mbele ya mama wa makamo: "Naomba mlango ufungwe. Ninapokwenda haja kubwa natoka damu." Nao wauguzi wapewe swali lao la kuuliza, kabla ya kuandika dawa ya minyoo: "Je, umeona damu unapokwenda haja kubwa? Tangu lini?"

Mahali pa kuubandika pasibishaniwe sana. Mbao za matangazo za mabweni zina watu wengi mbele yake, na hakuna kijana atakayesimama hapo akisoma habari za puru huku wenzake wakipita. Ubandikwe nyuma ya mlango wa choo, upande wa ndani, kwenye usawa wa macho ya mtu aliyechuchumaa.